Injini ya Baba Mkwe

"Funga mkanda, kijana. Tunakwenda ukaguzi wa magari."

Kwa maneno hayo tuliachana wiki iliyopita, nanyi wasomaji waheshimiwa mkakunja gazeti mkaenda zenu kula. Fundi Nati hakupata bahati hiyo. Alibaki palepale, ndani ya kigari chekundu cha milango miwili, magoti yakimgusa kidevu, na kando yake baba mkwe mtarajiwa akizungusha ufunguo.

Kwa aliyechelewa kufika, mashtaka ni haya.

Wiki mbili zilizopita mzee alileta kigari chake gereji kibadilishiwe mkanda wa taimingi, ule unaopanga zamu za pistoni na vali. Kazi ya asubuhi moja. Ila wakati wa kulinganisha alama za mkanda, Nati alikuwa na simu sikioni, akimweleza mchumba wake kwamba anampenda kuliko usingizi. Mkanda ukakaa jino moja pembeni. Alipowasha, pistoni na vali zikakutana uso kwa uso. Injini ikasema "kra!" mara moja tu, ikafariki bila kuacha wosia.

Marehemu alikuwa injini mdogo, mpole, anayekunywa mafuta kama ndege anavyokunywa maji. Mwingine wa aina yake hakupatikana mji mzima. Kilichopatikana kwa muuza vyuma chakavu, chini ya turubai, ni ndugu yake mkorofi: injini yenye turbo, feni inayoisukumia hewa ili ipate nguvu. Nati akashinda nayo siku nne, akabadilisha klachi, akapitisha mabomba ya hewa nyuma ya bampa, akafunga boneti, akaomba dua.

Na gari lenyewe ni la nani? La mwalimu mstaafu wa udereva, mzee anayeitwa Arobaini, kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kumwona akizidi kasi hiyo. Mzee huyo alikwisha kutamka mbele ya ukoo: "Binti yangu haolewi na mtu ambaye siwezi kumwachia hata gari langu." Jumapili wazee wa pande mbili wanakutana kupanga siku ya harusi.

Leo ni Ijumaa.

Gari likaondoka.

"Limekuwa jepesi," alisema Arobaini.

"Ni mkanda mpya, baba."

"Mkanda ndio unalifanya lirukeruke hivi?"

"Mkanda mzuri una mambo mengi, baba."

Nati hakuwa akitazama barabara. Alikuwa akitazama ule mshale mdogo unaoonyesha mizunguko ya injini. Turbo ile ilikuwa inalala mpaka mshale ufike elfu tatu. Ikifika hapo, inaamka, na ikiamka haiombi ruhusa kwa mtu. Salama yake ilikuwa tabia ya mzee: Arobaini hubadilisha gia kwenye elfu mbili, siku zote, kwa nidhamu ya mtu anayepiga mswaki.

Elfu moja na mia nane. Elfu mbili. Gia.

Nati akapumua.

Wakafika kwenye kilima. Nyuma yao lori la kokoto likapiga honi, mara moja, mara mbili, kisha dereva wake akaiegemea kabisa.

"Ana nini huyu?" aliuliza mzee. "Anawahi wapi na kokoto? Kokoto zinaoza?"

"Mwache apite, baba. Tusimame pembeni."

"Nisimame? Nimefundisha watu miaka thelathini, nisimamishwe na kokoto?"

Akakanyaga mafuta.

Elfu mbili na mia tano. Elfu mbili na mia nane. Nati alishika kiti kwa mikono yote miwili.

Chini ya boneti kikatoka kitu kama mluzi. Fyuuuuu! Kigari kikainua pua, migongo miwili ikabandikwa kwenye viti, na lori la kokoto likawa dogo kwenye kioo, dogo zaidi, likatoweka.

Arobaini akaachia mafuta. 

"Nini kile?"

"Upepo, baba."

"Upepo unatoka chini ya boneti?"

"Siku hizi hali ya hewa haieleweki, baba."

 Uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi, na kwenye paji tone la jasho lilianza safari. Nati akajua kwamba amekwisha. Simu yake ikatikisika mfukoni. Mchumba: "Uko na baba? Anafurahi? Tafadhali usiongee sana."

Akajibu: "Anafurahi mpaka ameishiwa maneno."

Kituo cha ukaguzi kilikuwa na njia moja, nyembamba, imebanwa na kuta mbili za matofali. Ukishaingia hutoki mpaka upande wa pili. Mbele yao pikapu. Nyuma yao, kabla Nati hajapata hata wazo la kurudi, gari la kubeba mikate likaingia na kuziba mlango. Ukuta kulia, ukuta kushoto, mikate nyuma.

Kwenye ukuta kulikuwa na tangazo jipya, gundi yake bado mbichi. Nati alilisoma, akalisoma tena, akatamani asingepelekwa shule.

KUANZIA MWEZI HUU, NAMBA YA INJINI ITALINGANISHWA NA KADI YA GARI. GARI LENYE INJINI ISIYOLINGANA LITAZUIWA NA MHUSIKA ATASHTAKIWA.

"Baba," alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na nyuki. "Nimekumbuka kitu. Nimeacha jiko linawaka."

"Wewe una jiko?"

"La jirani."

"Jirani atazima."

"Baba, tumbo—"

"Kijana." Arobaini alimtazama kwa mara ya kwanza tangu kilimani. "Wewe ndiye fundi uliyeligusa gari hili mara ya mwisho. Si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi sijui hata boneti inafunguliwa wapi. Si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri. Nataka uyaseme hayo ukiulizwa."

Lilikuwa ombi la ajabu. Nati angelitafakari, lakini pikapu ikaondoka na mkaguzi akawapungia mkono wasogee.

Alikuwa mama mrefu mwenye ovaroli safi kupita kiasi. Ovaroli safi gereji ni dalili mbaya, maana mwenyewe huwa hatafuti uchafu wa gari bali wa mtu. Akapima breki. Akapima taa. Akashuka kwenye shimo chini ya gari, akakaa humo muda mrefu kama kiranja anayekagua chini ya vitanda, akatoka.

"Fungua boneti."

Nati akafungua. Mama akamulika tochi.

"Imefungwa vizuri hii," alisema.

"Asante, mama," alijibu Nati, kisha akatamani kuumeza ulimi.

"Kumbe ni wewe? Haya, basi nisaidie. Chukua kadi kwa mzee. Wewe nisomee namba ya kwenye kadi, tarakimu moja moja, mimi nafuata kwenye injini."

Nati hakuwahi kuiona kadi ile. Mzee huitembeza kifuani, kwenye bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Sasa Arobaini aliitoa na kumkabidhi bila kumtazama.  Ikabidi Nati aivute mara mbili ndipo ikaachiwa.

Hapo, wasomaji, mshtakiwa akapewa kamba ajifunge mwenyewe.

"Saba," alisoma Nati.

"Ipo."

Bahati. Namba yoyote inaweza kuanza na saba.

"Sifuri."

"Ipo."

"Nne."

"Ipo. Sauti, kijana, mbona unanong'ona?"

"Nne nyingine."

"Ipo."

Jasho lilikuwa limefika kwenye mkanda wa suruali. Angepunguza tarakimu? Angeongeza? Angezirai? Kuzirai kulikuwa na hadhi yake, ila sakafu ilikuwa na grisi.

"Tisa."

"Ipo."

"Mbili."

"Ipo."

Imebaki moja. Nati akafumba macho.

"Sita."

Mama akainama. Akasugua chuma kwa kidole gumba. Akainama tena.

"Sita," alisema. "Ipo. Zinalingana zote. Songeni mbele kwenye kizuizi, mngoje karatasi."

Nati hakusikia furaha. Furaha ilikuja, ikamkuta hayupo nyumbani. Injini aliyoinunua kwenye vyuma chakavu ina namba ya kadi ya mzee? Kwa uchawi gani?

Akageuka. Arobaini alikuwa amejishika kwenye usukani kama abiria wa meli inayozama.

"Mwambie asome tena," alinong'ona mzee.

"Baba, zimelingana!"

"Ndiyo maana nasema asome tena."

Wakasogea. Mbele yao kizuizi cha chuma kilikuwa kimeshuka. Arobaini akapandisha vioo vyote viwili, na ndani kukawa na joto la tanuri na watu wawili wanaoogopana.

"Kijana. Injini yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii, baba. Mama si amesoma—"

"Injini niliyokuletea haikuwa na namba hii! Niliyokuletea ingekataliwa leo, mbele ya kila mtu!"

 Sentensi ile ilikuwa na mlango wa nyuma, na taratibu Nati alianza kuuona. Mzee alijua kwamba injini hailingani na kadi. Alijua kuhusu tangazo. Alileta gari kwa fundi mmoja, akamtaka fundi huyohuyo aje naye ukaguzi, aseme kwa mdomo wake kwamba ndiye aliyeligusa mwisho.

"Baba," alisema polepole. "Ulinileta hapa unisingizie."

Arobaini alitazama nje.

"Mimi?" aliuliza Nati. "Mtu unayetaka kumpa binti yako?"

"Nilikuwa nimepanga kukutetea baadaye."

"Baadaye lini? Nikiwa ndani?"

"Wewe nawe!" Mzee akafufuka. "Ya kwangu umeifanya nini?"

Basi Nati akasema. Jino moja, simu, kra, turubai, siku nne. Akasema yote mpaka akabaki mtupu kama debe. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanafunzi wake wa udereva aliyewahi kuliona. Akacheka. Kicheko kidogo, cha pua, kisicho na raha.

"Kwa muuza vyuma wa karibu na daraja?"

"Huyohuyo."

"Mimi ndiye niliyemuuzia."

Nati alimtazama.

"Gari hili lilikuja na turbo," alisema Arobaini. "Mama yako mkwe alinizawadia nilipostaafu. Ameshona sare za watu miaka sita ili alinunue. Siku ya kwanza nikaliendesha peke yangu. Lile dude likaamka. Nikapita ukuta wa jirani, nikasimama sebuleni kwake, naye anaangalia taarifa ya habari." Aliupangusa usukani kwa kiganja. "Niliogopa, kijana. Mimi, mwalimu wa udereva, niliogopa zawadi ya mke wangu. Ningemwambiaje? Nikaitoa usiku, nikaiuza. Nikamwambia wezi wameiba injini, nikaweka ile ndogo."

"Akaamini?"

"Alikwenda polisi siku ileile. Kilimani leo nilipousikia ule mluzi, nilidhani dhambi zangu zinaniita kwa jina."

Nati alitaka kucheka, alitaka kulia, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo hakufanya lolote.

Mtu akagonga kioo.

Alikuwa yule mama mkaguzi, na karatasi mkononi. Nati akashusha kioo.

"Kadi yenu iko sawa," alisema. "Ila mtambo umekataa. Namba ya injini hii imeandikwa kwamba iliibwa, miaka kumi na moja iliyopita. Kizuizi hakipandi mpaka tujue iliibwa na nani."

"Iliibwa ikarudi!" alisema Arobaini. "Mambo yameisha, mama!"

"Hayajaisha. Mlalamikaji alikuwa ameacha namba ya simu. Nimempigia. Ni nani kwenu sijui, ila ameniuliza gari rangi gani, nikamwambia jekundu. Akasema tusiwaruhusu kutoka. Yuko njiani na binti yake."

Akaenda zake kwenye gari la mikate.

Ndani ya kigari hewa ikaisha.

"Kijana," alisema Arobaini. "Miaka kumi na moja iliyopita ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na minne. Kwa nini, baba?"

"Inatosha kuiba injini."

"Baba!"

"Sikiliza. Utoto una msamaha. Ulikosa, umekua, umejuta, umeirudisha mwenyewe na kuifunga bure. Mama atalia. Atakukumbatia. Mimi Jumapili nasimama mbele ya wazee wote nasema: huyu ndiye mkwe wangu, sitaki mwingine."

"Na nikikataa?"

"Nitawaambia ulivyoiua injini yangu ukiwa kwenye simu."

"Na mimi nitasema ulivyoiuza!"

"Sema. Halafu uone kama kuna binti anaolewa na mtu aliyemwaibisha baba yake hadharani."

Nati alitafuta njia ya kutoka katika maneno hayo. Akayazunguka yote. Kila upande ulikuwa ukuta, na nyuma mikate.

Bodaboda mbili zikasimama upande wa pili wa kizuizi. Kwenye ya kwanza akashuka mama mkwe, futi ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. Kwenye ya pili, mchumba, na sare yake ya uuguzi. Mkaguzi akawaongoza mpaka dirishani kwa Nati.

Mama mkwe hakusalimia. Alikitazama kigari kuanzia bampa hadi bampa, akainama, akaweka viwiko kwenye dirisha.

"Haya," alisema. "Mwizi wangu ni nani?"

Arobaini alitazama mshale wa mafuta kana kwamba ulikuwa na habari mpya.

Nati alimtazama mchumba wake. Naye akamtazama, na machoni mwake kulikuwa na swali ambalo halikuwa na uhusiano wowote na injini.

"Ni mimi, mama," alisema Nati.

Kalamu ya mkaguzi ikaanza kutembea juu ya karatasi. Chra, chra, chra.

"Wewe?" alisema mama mkwe.

"Nilikuwa mdogo, mama. Shetani alinipitia. Nikaichukua."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kilo mia na ushei."

"Nilikuwa... nakula vizuri, mama."

 Mama mkwe akasimama wima, akaitoa futi shingoni, akaanza kuizungusha kwenye vidole, duara baada ya duara, bila haraka.

"Mwizi wangu namjua," alisema. "Usiku ule sikuwa nimelala. Nilikuwa dirishani, taa nimezima. Nilimwona akiifungua, nikamwona na mwenye mkokoteni wakiipakia, nikamwona anaifunika kwa shuka langu jipya. Asubuhi akaniambia wezi. Nikaenda polisi, nikaandikisha, nikaacha namba ya simu. Nikasema atakuja tu kuniambia. Labda kesho. Labda keshokutwa."



"Mtaje basi, mama," alisema mkaguzi. "Nifute hapa."

"Simtaji."

"Mama, kuna mtu amekiri. Nimeshaandika."

"Andika. Nimengoja miaka kumi na moja ajitaje mwenyewe. Sitaanza kumsaidia leo."

Mkaguzi akashusha pumzi. Akageuza karatasi, akaipitisha dirishani pamoja na kalamu, akaonyesha mstari wa chini kabisa.

"Basi mimi ninaye huyuhuyu. Weka sahihi, kijana, halafu shuka. Polisi wako ofisini."

Nati akashika kalamu. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia. Akiweka sahihi, ni mwizi. Asipoweka, ni mwongo, tena mwongo aliyekamatwa katikati ya uongo. Jumapili, katika hali zote mbili, wazee watakutana kuzungumzia jambo jingine kabisa.

Akainua macho kumtafuta mchumba wake ili walau amuage vizuri. Lakini mchumba hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amezunguka mbele ya gari, amesimama upande wa dereva, uso wake kwenye kioo cha baba yake.

"Baba," alisema. Hakupandisha sauti. "Uliponifundisha kuendesha, nilikuwa nikiogopa kuachia klachi. Ulikuwa unanihesabia. Unakumbuka?"

Arobaini aliushika usukani kwa mikono miwili, kama anavyofundisha, na hakugeuka.

"Mimi leo nakuhesabia wewe. Nikifika tatu huyu akiwa bado ameshika kalamu, nakwenda naye polisi, na Jumapili usinitafute nyumbani."

"Mwanangu—"

"Moja."

Dereva wa gari la mikate alikuwa ameshuka, akasogea karibu asikie. Mama mkwe aliacha kuizungusha futi.

"Mbili."

Na mdomo wa Arobaini ukafunguka. Alichosema, wasomaji waheshimiwa, tutakisikia wiki ijayo.